Mguu Kwenye Klachi

Siku ile ilianza kama siku nyingine zote. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, kuku wakiparura chini ya tangi la maji. Jirani yetu mjane, tunayemwita Mama Maziwa, alisimama gereji akimtazama fundi Spana akishusha giaboksi ya pikapu ya marehemu mumewe. Aliyonisimulia nayaandika kama nilivyoyapokea, na Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Marehemu alifia ndani ya gari hilo, mchana kweupe, katikati ya mwinuko wa kwenda kiwanda cha maziwa. Foleni ilisimama, akavuta handbreki. Foleni ilipoondoka, yeye hakuondoka. Waliofungua mlango walikuta injini inaunguruma na mguu wake wa kushoto umekanyaga klachi mpaka chini. Iliwabidi wanaume wawili wauinue.

Tangu hapo klachi ikawa inateleza. Injini inapiga kelele, gari halivuti, harufu ya kuungua inajaa ndani. Shemeji, mdogo wa marehemu, akasema pale pale msibani kwamba gari lina mkono wa mtu, likatwe liuzwe vyuma chakavu. Mjane akakataa. Makopo ya maziwa hayabebwi kichwani, na yasipofika kiwandani watoto hawali. Wazee wa ukoo wakaamua: gari likipanda mwinuko ule na mzigo, ni lake. Lisipopanda, shemeji alichukue.

Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa gereji.

"Tazama," Spana akasema, akimwonyesha kisahani cha klachi. "Kimelika mpaka kwenye ribiti, misumari inayokishikilia. Na hii raba ya pedeli, imekuwa laini upande wa kushoto tu. Mzee alikuwa anaegemeza mguu hapa hata kwenye tambarare."

"Nilimwambia mpaka mate yakanikauka. 'Baba watoto, toa mguu kwenye klachi.' Ananijibu, 'Mama, huu mguu ndio mlinzi wenu, gari lisije likarudi nyuma.'"

"Mlinzi gani anayemla bosi wake?"

Wakacheka. Kicheko cha msiba huja na kukatika njiani.

Spana akafunga kisahani kipya, beringi mpya, raba mpya. Kisha akajaribu kama mafundi wanavyojaribu: handbreki juu, gia ya tatu, achia klachi polepole. Klachi ikiwa nzima, injini lazima ife.

Injini haikufa.

Akakaza waya. Akajaribu tena. Injini ikaendelea kuunguruma, imeridhika, kama paka aliyeshiba. Spana akashuka, akainama kutazama chini ya usukani. Akakaa hapo muda. Akainuka, akamgeukia mjane.

"Mama," alinong'ona. "Pedeli iko chini."

"Waya umekwama?"

"Waya uko huru. Springi ni nzima. Nimeivuta kwa mikono miwili." Akafuta viganja kwenye ovaroli. "Inanisukuma."

Mama Maziwa akachungulia. Pedeli ilikuwa imelala sakafuni, na raba mpya imebonyea.

"Mpe shemeji yako hili gari," Spana akasema. "Mimi ni fundi wa magari. Hili si la spana."

"Nimemzika mume wangu kwa sala, na kwa sala nitaliendesha gari lake. Nipishe."

Akaketi. Pedeli ikapanda yenyewe, taratibu, kama mtu anayempisha mwenzake kitandani.

Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Akapitia nyumbani, akapakia makopo yaliyojaa, akashika njia ya kiwandani. Juu ya mwinuko shemeji alikuwa anasubiri, ameegemea lori la mnunuzi wa vyuma. Alikuwa amekuja kabisa na minyororo ya kulivuta gari.

Gari likaanza kupanda. Gia ya pili. Makopo yakagongana nyuma. Akafika nusu, pale pale alipofia mumewe.

Injini ikapiga yowe.

Gari likaacha kuvuta. Likasita. Likaanza kurudi.

Akakanyaga breki kwa nguvu zote. Maziwa yakamwagika. Akautazama mguu wake wa kushoto. Ulikuwa juu, hewani, haujagusa kitu.

Pedeli ilikuwa chini.

Akapenyeza kidole cha mguu chini yake, akajaribu kuiinua. Haikuwa nzito kama chuma. Ilikuwa nzito kama mguu wa mtu aliyelala. Na ilikuwa na joto.

Kutoka juu shemeji akapaza sauti. "Shemeji! Si nilisema? Shuka kabla halijakuua na wewe!"

Hakushuka. Hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu. Akasali, kwa maneno machache. Kisha akasema, kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka yote ya ndoa:

"Baba watoto. Toa mguu kwenye klachi."

Injini tu.

"Nimekuosha. Nimekulilia. Nimekuzika. Watoto wako wanataka kula, nawe unanishikia gari mlimani? Kama ni wewe, nipishe. Kama si wewe, umejifanya yeye, basi jua mimi simwogopi yule aliyekutuma. Namwogopa Mungu peke yake. Toa mguu!"

Pedeli haikusogea.

Akashusha pumzi. "Kama unataka kupanda, panda," akanong'ona. "Lakini hamia upande wa abiria."

Kiti cha pembeni kikatoa mlio. Ngozi ya kiti ikabonyea.

Pedeli ikapanda.

Klachi ikashika. Gari likaruka mbele kama ng'ombe aliyechapwa, likaupanda mwinuko, likampita shemeji na minyororo yake. Mama Maziwa hakumtazama. Alimpigia honi tu, ndefu, mpaka geti la kiwanda.

Gari bado analo. Kila asubuhi hupita hapa kwetu na makopo. Spana huikagua klachi mara kwa mara, na raba ya pedeli ingali na mistari yake yote, kama imetoka dukani.

Ila juzi Mama Maziwa alinipa lifti. Niliposhika mlango wa abiria, akaniambia nikae nyuma, na makopo. Nikachungulia dirishani. Zulia la sakafu ya upande ule ni jipya, hajawahi kumpakia mtu hapo. Lakini mahali pa mguu wa kushoto, ambapo hakuna pedeli yoyote, limelika mpaka bati linaonekana.

Na bati lenyewe limeanza kubonyea.