Mgomo wa Glavu

Asubuhi hiyo nilikuwa napiga pasi aproni ya baba. Baba anaoka mikate kiwandani.

"Acha tu, mwanangu," akasema. "Leo hatuoki. Tunagoma."

Viganja vyake vilijaa malengelenge. Glavu zao zilichakaa zamani, na jibu la tajiri mwenye kiwanda kila siku ni kesho, kesho.

Shangazi, katibu wa chama cha wafanyakazi, akaweka kikombe cha chai chini. "Kaka, shauri la glavu bado liko kwa msuluhishi. Na notisi ya mgomo hamjatoa. Mkigoma leo, sheria haiwalindi."

"Kwani sheria ndiyo inashika trei ya moto?"

"Wee, usinichekeshe! Mtafukuzwa, na hizo glavu msizione."

Nilitaka kusema, "Baba, msikilize." Nikaishia kukunja aproni. Mimi ndivyo nilivyo, hata kuitika jina darasani ni kazi.

Wakagoma. Fundi mitambo, ambaye wote wanamwita Kipaza kwa vile haongei bila kupiga kelele, akazima mashine. Binti yake ndiye rafiki yangu, tunakaa dawati moja. Unga uliokuwa umeshakandwa ukaumuka, ukafurika mpaka sakafuni. Wote ukatupwa.

Tajiri akakimbilia mahakamani. Mahakama ikasema mgomo ni batili: warudi kazini mara moja, atakayekaidi anaweza kufukuzwa. Shangazi akaja na habari hiyo akihema.

"Baba, rudi," nikasema.

Akanigeukia. "Kumbe una sauti!"

Akarudi. Alipewa barua ya onyo, na siku za mgomo hakulipwa. Kipaza akaapa harudi bandani kama kuku. Akafukuzwa.

Baadaye msuluhishi akamaliza shauri, na tajiri akatakiwa kuleta glavu. Zikaja mpya, nene. Baba alizivaa, lakini hakucheka.

"Kipaza ndiye aliyezipigania kuliko sisi sote," akasema.

"Madai yenu yalikuwa ya haki, kaka," shangazi akajibu taratibu. "Lakini mwenye haki akivunja sheria, anamkabidhi mwenzake fimbo ya kumchapia. Mngengoja usuluhishi uishe, mkatoa notisi, nani angemgusa Kipaza?"

Baba akazivua glavu.

Nyumba ya kina Kipaza ilikuwa ya kiwanda, kwa hiyo wamehama. Rafiki yangu haji tena shule. Nimeazima simu ya mama, nikamwandikia ujumbe: "Nafasi yako dawatini nimeikatalia, hakai mtu. Utarudi?"

Ameusoma. Hajajibu.