Ongeza, Usiandike Upya

Siku ya soko Ngaramtoni watu husukumana mpaka vumbi linakosa pa kutua. Elinipa, gauni lake la kitenge cha njano amelikusanya mkononi lisiburuzike juu ya maturubai ya mitumba, aliona raba nyeupe akaidaka. Akatafuta mwenzake. Mguu wa pili ulikuwa umeshikwa na kijana mrefu, sweta lake la kijivu limetoboka kiwiko.

"Dada, hizi nimeshazichukua."

"Umechukua moja, kaka. Nyingine ninayo mimi."

"Sasa utavaa mguu mmoja?"

"Na wewe hiyo miguu utaipitishaje humo?"

Muuzaji akaangua kicheko. Kijana akatazama miguu yake, mirefu kama mihogo ya msimu mzuri, akaachia. "Nilitaka kumpelekea dada yangu. Naitwa Gerson."

"Mpe salamu zangu, Gerson."

Jumatatu wakakutana tena chuoni, kwenye chumba cha kompyuta. Mwalimu alikuwa amewapanga pamoja waandike programu ya kukadiria maji yatakayoshuka Mlima Meru masika yakianza. Kazi ikazaa chai, chai ikazaa mapenzi.

Kompyuta zilikuwa nyingi, zimeunganishwa zisaidiane. Kila moja ilipewa kipande chake cha mlima na kuhesabu mvua yake. Jumla ilikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta moja tu. Nyingine ziliifikia kwa mbali na kuibadilisha, bila hata kompyuta hiyo kuulizwa. Gerson aliandika upande wa mashariki wa mlima, Elinipa wa magharibi. Lakini kila walipoiendesha, jumla ilitoka pungufu, na kila mara upungufu wake ulikuwa mwingine.

"Eli, mvua yangu inapotea," Gerson alisema siku moja, macho mekundu. "Umegusa upande wangu?"

"Mimi?"

"Tupo wawili tu humu."

"Yaani mimi mwizi wa mvua?"

"Sijasema mwizi. Nimesema tupo wawili."

Elinipa alichukua mkoba wake, akapanda kwa mama yake, kijijini Akheri.

Hasira ilidumu mpaka jua linazama. Kisha hofu ikakaa mahali pake. Je, kama yale yalikuwa maneno ya kuachana, naye hakuyaelewa? Akapiga simu. Namba inatumika. Akasubiri kidogo, akapiga tena. Inatumika. Akaanza kumjenga mwanamke anayeongea na Gerson: kwanza sauti yake, kisha nywele, kisha namna anavyocheka. Alipopiga mara nyingine na kukuta inatumika bado, yule mwanamke alikuwa ameshapata na jina.

Mama yake akageuza ndizi jikoni, akamtazama. "Simu hiyo unailinda kama maziwa jikoni. Ina nini?"

"Gerson anaongea na mtu, mama. Hamalizi."

"Au anakupigia wewe. Mimi na baba yako enzi zile tulikuwa tunatafutana hivyo hivyo. Mimi namfuata kwao, yeye kaja kwetu."

Elinipa akaiweka simu chini. Watu wawili, kwa wakati mmoja, kila mmoja akimkosa mwenzake kwa sababu mwenzake anamtafuta. Na kompyuta je? Waliiambia kila moja: soma jumla, ongeza mvua yako, andika jumla mpya. Mbili zikisoma arobaini kwa pamoja, moja ikiongeza tatu itaandika arobaini na tatu. Nyingine, iliyoongeza tano, itakuja juu yake iandike arobaini na tano. Zile tatu zimezama, na hakuna aliyeiba.

Asubuhi alikuwa Levolosi, anakoishi Gerson, akigonga mlango kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Moyo ulimwambia atafunguliwa na mwanamke. Akafungua Gerson, shati amelivaa kinyume.

"Jana ulikuwa unaongea na nani?" wote wawili wakauliza kwa pamoja.

Wakatazamana. Gerson akaanza kucheka kwanza.

"Mpenzi, nimekupigia mpaka sikio limechemka!"

"Usinicheke, mimi sijalala." Akamweleza yote palepale mlangoni. "Dawa yake ni amri moja: ongeza. Kusoma, kujumlisha na kuandika viwe tendo moja, mwingine asipate pa kuingia katikati."

Gerson akainamisha kichwa. "Nilikutuhumu bure. Nisamehe, Eli wangu." Kisha akainua macho. "Kuna amri nyingine ya jamii hiyo. Unataja kitu unachodhani kimo, na kipya unachotaka kuweka. Kama kweli kimo, kinabadilishwa. Kama hakimo, haigusi kitu, inakwambia tu kilichopo."

"Naijua."

"Nadhani moyoni mwako bado kuna 'mchumba'. Nataka kuweka 'mume'."

Elinipa alitaka kukubali, lakini hakutaka kumdanganya. "Hakimo."

Uso wa Gerson ukaisha rangi. "Kuna nini?"

"Hofu. Tangu jana ni hofu tupu. Jaribu tena."

Gerson akamsogelea. "Kama kuna hofu, itoke. Nikae mimi."

"Kaa," Elinipa akasema, akamshika ule mkono wa shati lililogeuzwa. "Ila baba yangu hasikii amri za kompyuta. Kwake utatuma wazee."