Kalondu, Umemjibu Muthoka?

"Wewe ndiye Kalondu?"

"Ni mimi. Unataka kanda za Kikamba ama za injili?"

"Sitaki kanda. Nataka kujua kama umemjibu."

"Nimjibu nani?"

Mama aliyesimama mbele ya kibanda alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Haiya! Ati nani! Huyu msichana ana maringo!"

Akaenda zake akitingisha kichwa. Kalondu akabaki amekodoa macho. Huyo alikuwa wa pili asubuhi hiyo. Wa kwanza alikuwa askari wa geti la kiwanda cha nguo, aliyempungia rungu kutoka ng'ambo ya barabara na kupiga kelele, "Mwambie ndiyo bwana!" Kalondu alidhani mzee wa watu ameamkia chang'aa.

Hakuna mtu mtaa wa Makongeni, Thika, ambaye hakujua kazi ya Kalondu. Ukimpelekea kanda tupu alikurekodia nyimbo unazotaka, na kama huna kanda alikuuzia iliyojaa tayari. Hakuwahi kumwomba mwanamuziki yeyote ruhusa. Sheria ilikuwa imekazwa miaka hiyo, polisi wakibomoa vibanda na kubeba mitambo, na redioni watu waliambiwa kila mara kwamba kurekodi nyimbo za wenyewe ni wizi kama wizi wa ng'ombe. Kalondu alilisikiliza tangazo hilo huku akirekodi.

"Mtu wa kiwanda atanunua kanda ya dukani lini?" alikuwa akisema. "Asikize nini basi, ukuta?"

Na mwanamke huyu, kati ya wanaume wote wa Thika na viunga vyake, akaenda kumpenda mwanamuziki.

Muthoka alikaa Ruiru. Mchana alitengeneza redio, jioni alipiga gita. Walipendana sana na waligombana juu ya jambo moja tu, kwa sababu Muthoka aliamini kila kanda inayotoka kwenye kibanda kile inamnyang'anya mwanamuziki fulani tonge mdomoni. Kisha akatunga wimbo wa kengele ya kiwanda, juu ya wafanyakazi wanaofungiwa nje ya geti kwa kuchelewa kidogo tu, na ndani yake akatia ubeti mmoja mkali wa kumsema meneja. Gachanja, mwenye studio kule Nairobi, alitaka ubeti huo utolewe. Muthoka akakataa. Gachanja akaukalia wimbo.

Basi Muthoka akajirekodi mwenyewe nyumbani, yeye na gita lake, akamletea Kalondu kanda.

"Hii ni yako peke yako," alimwambia. "Usirekodie mtu. Na uisikize yote, mpaka mwisho."

Kalondu aliusikiliza wimbo akalia. Ulipoisha na kanda ikaanza kuvuma bila kitu, akazima. Siku chache baadaye kengele ya kiwanda ililia, akawaona wanawake wanaomfahamu wakirudishwa getini, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Hasira zikampanda. Akaitia ile kanda kwenye mtambo na kubonyeza mwendo wa kasi, ule unaofanya sauti zilie kama panya, kwa hiyo anayerekodi hasikilizi kinachopita. Akatoa nakala moja, akatoa nyingine, akaziuza, na kufikia jioni nusu ya Makongeni ilikuwa ikiimba ubeti wa meneja.

Tangu alete kanda ile Muthoka hakukanyaga Thika. Jumapili ya kwanza Kalondu alijiambia Muthoka ana kazi. Ya pili akaanza kumwaza mwanamke wa Ruiru ambaye hata hakujua kama yupo.

Nyawira, msusi wa kibanda cha pili, akaingia na kitana mkononi.

"Kalondu, wacha kutuweka hivi. Mimi hata nililia."

"Nyawira, nitakugonga na hii redio. Mnasema nijibu nani?"

Nyawira akamtazama vizuri. Kicheko kikafutika usoni.

"Ngai! Hujui? Juzi kwa saluni mtu alisahau kuzima ile kanda ya kengele. Weka. Wimbo ukiisha usizime."

Wimbo ukaisha. Kanda ikavuma muda mrefu. Kisha kiti kikalia, mtu akakohoa, na sauti ya Muthoka ikajaa kibandani.

"Kalondu wa Makongeni, ni mimi. Mbele yako huwa nashindwa, sasa hii naambia ukuta. Nataka kukuoa. Kazi yako siipendi, na najua huwezi kuiacha. Bado nakutaka. Mwaitu, mama yangu, amekubali kuleta kwenu mbuzi za ntheo, tuoane kwa desturi yetu. Kama unakubali, njoo Ruiru Jumapili. Usipokuja nitaelewa."

Kalondu akakaa chini kwenye gunia.

"Nyawira."

"Eeh."

"Nimeuzia watu posa yangu."

Alikimbia mpaka kibanda cha simu cha posta, akapiga hoteli iliyo jirani na karakana ya Muthoka na kuomba aitwe. Ilichukua muda. Alipokuja, Kalondu alimtambua kwa kupumua.

"Muthoka, sikuwa nimesikiza mwisho. Naapa. Nilizima."

"Umeiuza."

"Muthoka..."

"Leo mteja ameniletea redio, kanda iko ndani. Nimewasha kuipima, nikasikia sauti yangu ikikuposa. Kwa redio ya mtu simjui! Akaniuliza, kwani ni wewe?"

"Nisikize kwanza."

"Jumapili ile nilivaa suti, Kalondu. Mwaitu alipika. Tukakaa hapo mpaka chakula kikapoa. Nikasema labda anafikiria. Kumbe ulikuwa unarekodi!"

Simu ikakatwa. Kalondu akaendelea kuishika sikioni, machozi yakimtiririka, mpaka watu wa foleni wakaanza kuguna.

Aliporudi alikuta polisi kibandani. Sajini Mburu alikuwa na kanda mkononi, na pembeni yake Gachanja mwenyewe, viatu vinang'aa katika vumbi la Makongeni. Naye alikuwa ameisikia kanda hadi mwisho.

"Wewe ndiye Kalondu wa Makongeni?" Sajini akauliza.

Kanda haikuwa na jina wala anwani, lakini mposaji alikuwa ametaja vyote.

"Ni mimi. Na huo mtambo usiburutwe, unabebwa."

Majirani wakacheka. Kalondu alipanda gari la polisi kichwa juu.

Kituoni alikalishwa kwenye benchi. Sajini alieleza kwamba mwenye wimbo ndiye anayetakiwa kulalamika, kwa hiyo Muthoka ameitwa. Akija akitia sahihi, Kalondu atapelekwa kortini, na kwa sheria ilivyo, asitarajie huruma.

Muthoka aliingia jua likianza kupoa. Hakumtazama Kalondu hata kidogo. Hilo lilimuuma kuliko gari la polisi.

"Ni kazi rahisi," Gachanja akamwambia, akimsogezea karatasi. "Sema alikuibia, weka sahihi. Mwezi ujao wimbo uko madukani. Wote. Hata ule ubeti wa meneja, siukati. Nimeona watu wanaupenda."

Muthoka akaishika kalamu. Kila alichokitaka kilikuwa pale mezani, na Kalondu alijua hivyo.

"Weka sahihi," Kalondu akasema kutoka kwenye benchi. "Lakini usiseme niliiba kwako. Ulinipa kwa mkono wako, ukaniambia nisirekodi, nikarekodi. Andika hivyo."

"Mama, nyamaza," Sajini akamwonya. "Unajifunga mwenyewe."

"Wacha nijifunge! Sitaki aongope kwa sababu yangu." Akamgeukia Gachanja. "Na wewe, uliukalia huo wimbo mpaka ukausikia kwa kanda yangu. Leo ndiyo umekuwa baba yake?"

"Huyu ni mwizi na bado ana mdomo," Gachanja akasema.

"Ana mdomo, hiyo ni kweli," Muthoka akajibu, akiitazama kalamu. "Gachanja, wimbo ni wa nani?"

"Ni wetu. Tutaandikiana."

"Hatujaandikiana. Gita ni langu, redio ni yangu, hata kile kikohozi ni changu." Akaiweka kalamu chini. "Mwenye kulalamika ni mimi, na sitalalamika hapa."

"Ukitoka hapo mlangoni, hakuna studio itakugusa. Nitahakikisha."

"Basi nitaimbia watu getini. Ubeti wa meneja nitaurudia mara mbili."

Gachanja akatoka bila kuaga. Sajini akakuna kidevu, kisha akanyooshea kidole sanduku la kanda zilizokamatwa.

"Na hizi zingine? Hizi si za bwana huyu."

"Wenyewe wakija nitaongea nao, mmoja mmoja," Kalondu akasema.

"Basi zinabaki hapa. Na mtambo unabaki."

Kalondu akautazama mtambo. Mtambo ule ndio uliokuwa ukimlisha. Hakuomba.

Muthoka akaja kusimama mbele ya benchi. Sasa alimtazama, na macho yalikuwa mekundu.

"Kwa polisi sikulalamika. Kwako nalalamika. Nilikwambia usirekodi."

"Uliniambia."

"Wale wengine wote unaowarekodi, walijisikia hivi?"

Kalondu alianza kutoa lile jibu lake la ukuta, akaliacha.

"Sikuwahi kuwauliza," akasema. "Gachanja sitamwomba msamaha hata anifunge. Watu wa kiwanda kuimba ule wimbo, hiyo pia sijutii. Lakini wewe nimekukosea. Naomba unisamehe."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Niko na hasira na wewe."

"Naiona."

"Na Makongeni yote inangoja jibu lako."

"Wangoje. Si wao waliniuliza." Akainuka, akasimama naye uso kwa uso. "Jibu ni ndiyo, Muthoka. Kama bado unauliza."

Sajini aliacha kuandika.

"Bado nauliza," Muthoka akasema.

"Basi twende Ruiru sasa hivi. Nataka kumwambia mwaitu mwenyewe kwamba niliuza maneno ya kijana yake. Akinifukuza, kesho narudi."

Mama mtu alimfukuza kweli. Kesho yake Kalondu akarudi, na safari hiyo akapewa kiti.

Mbuzi za ntheo zilifika nyumbani kwa kina Kalondu kabla Muthoka hajamsamehe. Alifunga ndoa akiwa bado amenuna. Kwenye picha ya harusi bwana arusi amekunja uso kabisa, huku ameukamata mkono wa bibi arusi kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayeogopa atanyang'anywa.