Samahani Mama, Nina Mtu Wangu

"Samahani mama, hapo pana mtu."

Mama alikuwa ameshainama kukaa. Akabaki vilevile, mkono mmoja umeshika gauni jeupe alilolishona mwenyewe, mwingine umeshika kiti. Wageni wote chini ya turubai walikuwa wanawatazama.

"Mtu gani, baba watoto?"

"Mchumba wangu," Mzee akajibu kwa adabu, kiganja chake kikiwa juu ya kile kiti. "Yuko njiani. Usinielewe vibaya mama yangu, wewe ni mzuri tu. Ila mimi nina mtu wangu."

Mshereheshaji akaangua kicheko kwenye kipaza sauti, akidhani ni utani. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Sherehe ya miaka arobaini ya ndoa, watoto wametoka mbali, kwaya imejipanga, mchungaji kashafungua Biblia, halafu bwana harusi anamkataa bibi harusi mbele za watu!

Kila mtu alijua kwamba Mzee anasahau. Fundi aliyechomelea karibu mageti yote ya mtaa ule, siku hizi alivaa shati kinyume na kuulizia marehemu mama yake kama vile katoka sokoni sasa hivi. Lakini mkewe, Mzee alikuwa bado anamjua, siku nyingine vizuri, siku nyingine kwa kubahatisha. Kumkana hivi ilikuwa mara ya kwanza.

Mama akanyooka. Akawatabasamia wageni, akatembea polepole mpaka chumbani. Mlango ulipofungwa ndipo akaanza kulia.

Binti yake mkubwa akaingia nyuma yake, vidole vikikimbia kwenye simu. Alikuwa anamwandikia kaka yake aliyesimamia muziki: "Zima kila kitu. Baba kamkataa mama. Tunaahirisha."

Jibu likaja papo hapo: "Kamkataaje? Mke wake?"

"Pole mama," binti akasema. "Nawaambia wageni waondoke. Kuna mmoja alikuwa anarekodi, nimemnyang'anya simu."

"Mrudishie simu yake."

"Mama!"

"Nilimwomba Mungu kitu kimoja tu." Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. "Sikuomba apone. Nilisema, Baba, leo tu, anijue. Leo tu! Nikashinda na njaa kwa ajili ya siku moja. Hilo nalo lilikuwa kubwa?"

Binti akachukua kitambaa, akaanza kumfuta mama yake uso. Muziki ulikuwa umezimwa, na kupitia dirishani sauti ya Mzee ikawa inaingia waziwazi.

"Hapana mchungaji, sikai na mwingine. Kidoti akinikuta na mwanamke, nitamwambia nini? Unamjua wivu wake? Tena yule ni fundi cherehani. Ana mkasi!"

Mama akaudaka mkono wa binti yake.

"Amesema nani?"

"Kidoti. Ndiyo nani tena huyo?"

Mama akagusa alama ndogo nyeusi kwenye shavu lake.

"Ni mimi. Aliniita hivyo kabla hajanioa. Nilikuwa nashona kwenye kibaraza cha duka, yeye anachomelea ng'ambo ya barabara. Kila siku anakuja kuniomba uzi. Mtu wa vyuma, uzi wa nini?"

Binti akaacha kufuta.

"Kwa hiyo anayemsubiri ni wewe."

"Amenikataa kwa ajili yangu!" Kicheko kikampanda Mama huku machozi bado yanatoka. "Nimepambwa, nimepakwa poda, nimeingia na kwaya, na bado hakunitazama mara mbili. Mtu ambaye hakumbuki kama amekula, anakumbuka kunitunzia nafasi yangu. Mimi humu ndani nalia nini?"

"Lakini hakujui, mama."

"Sura ndiyo imempotea. Mimi mwenyewe nimo. Nilikuwa namwambia Mungu namna ya kujibu, kumbe alishajibu. Lete poda."

Alipotokea mlangoni, minong'ono ikakatika. Mama akapita katikati ya wageni, kichwa juu, akasimama mbele ya mumewe.

"Kijana, naomba nikae hiki cha pembeni. Mwenyewe akija, sitakuharibia."

Mzee akafikiri. "Sawa. Ila usisogee sana."

Mama akakaa.

"Yukoje huyo Kidoti wako?"

Uso wa Mzee ukachangamka. "Mkali! Akicheka anaziba mdomo. Na ana kidoti hapa." Akajigusa shavu, akamtazama Mama, akashtuka. "Kumbe hata wewe unacho! Lakini chake kizuri zaidi."

"Sina ubishi."

Mzee akamwinamia, akanong'ona. "Naogopa, mama. Akifika nitatakiwa kusema maneno mbele za watu. Siku hizi maneno yananiponyoka."

"Fanya mazoezi na mimi. Nitajifanya ndiye."

"Hatakasirika?"

"Namfahamu vizuri. Hatakasirika."

Mchungaji akaelewa. Akasogea, akaishikanisha mikono yao, akaweka wake juu. Mshereheshaji akashusha kipaza sauti karibu nao, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akafunga mdomo.

"Kidoti," Mzee akaanza. "Mimi sina jina wala shamba. Nina mikono. Nitakutengenezea mlango usiopitisha upepo. Ukiugua nitakuuguza. Ukinuna nitakaa nje mpaka upoe. Sitakutafutia mwenzako. Ukichelewa nitakungoja, hata wakinicheka."

Binti alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Na mimi," Mama akajibu, "nimekukubali. Nilikukubali tangu ule uzi wa kwanza. Hata siku utakayonisahau, mimi nitakuwa nakukumbuka. Mmoja wetu anatosha."

"Amina!" mchungaji akasema kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Vigelegele vikapasua turubai. Kwaya ikaanza bila kuongozwa, muziki ukawashwa, na yule aliyenyang'anywa simu, sasa karudishiwa, alikuwa analia mpaka akasahau kurekodi. Mzee akaduwaa, kisha akacheka, akainuka, akanyoosha mkono.

"Umejibu vizuri, mama. Mume wako ana bahati. Tucheze kidogo tukimngoja?"

Wakacheza. Wageni wakawazunguka, wakawatunza noti, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Ilipokatwa keki, Mzee akala kipande chake, kisha akachagua kingine, kile chenye ua la sukari, akakifunga kwenye karatasi kwa uangalifu wa fundi.

"Hiki cha Kidoti. Nitunzie, mimi nitasahau. Akija, mpe."

"Nitampa."

Mama akazunguka nyuma ya turubai, akasimama peke yake kwenye jua, akala kipande chote, na ua, na chembe zilizobaki kwenye karatasi. Akarudi anajifuta midomo.

"Amepata?" Mzee akauliza.

"Amepata," Mama akasema. "Anasema ni tamu sana."