Aliyeng'oa Vigingi

Kila siku kabla ya kwenda shule, msichana ambaye nyumbani walimwita Kiherehere alichota maji kijitoni, akamwagilia nyanya za baba yake. Alikuwa darasa la sita tu, lakini viganja vyake vilikuwa vimeota sugu kama vya mtu mzima.

Wiki ile, katikati ya nyanya palichomekwa vigingi saba vyekundu. Halmashauri ya mji ilikuwa imekataza kulima ndani ya mita thelathini kutoka ukingoni, ili kijito kisijae udongo.

"Sheria ya nchi inasema mita kumi!" baba alifoka. "Hiyo thelathini wameitoa wapi? Shamba lote si limekwisha?"

"Afadhali hiyo thelathini," alidakia jirani yao dobi, aliyefulia chini kidogo ya shamba. "Wewe ukilima, mimi nafua kwa matope."

Baba alimkaba dobi shingoni, dobi naye akamrarua shati. Mama alikuja mbio na mwiko mkononi, akawatandika wote wawili mpaka wakaachana.

Alasiri, hasira zikiwa bado zimemjaa, Kiherehere aling'oa vigingi vyote akavitupa majini. Hakumwambia mtu.

Maji yalivibeba hadi kwa dobi. Naye aliviopoa, akavipanga kando ya beseni lake ili avirudishe halmashauri.

Kesho yake asubuhi walifika askari wanne wa halmashauri, marungu mikononi. "Vigingi hivi hapa! Mwizi ndiye huyu!"

Dobi alifungua kinywa ajieleze. Rungu la kwanza lilimpata mdomoni. La pili lilitua mkononi, na Kiherehere, aliyekuwa amebeba ndoo, alisikia mfupa ukivunjika kama ukuni mkavu. Damu ilitapakaa kwenye mashuka meupe.

"Mwacheni aionje hiyo sheria anayoipenda," baba alinong'ona, amekunja mikono kifuani.

Kiherehere aliikumbatia ndoo. Akinyamaza, nani angejua? Lakini buti lilipomzamia dobi mbavuni, naye akalia, "Mama yangu, nakufa!", ndoo ilimponyoka.

"Mwacheni! Ni mimi! Nimeving'oa mimi!"

Askari mmoja aligeuka, akamzaba kofi lililombwaga kwenye nyanya. Hapo baba alipandwa na wazimu. Jembe likapanda juu.

"Baba, usiue!" Kiherehere alimrukia mkono, akaning'inia. Jembe lilikwenda upande, likazama ardhini upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye mguu wa askari. Majirani walikuwa wameshajaa, wakipiga mayowe. Askari wakatimua mbio.

Kesi ilisikilizwa mwezi uliofuata. Hakimu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliwafunga askari wawili waliompiga dobi. Kisha akasema, "Halmashauri haiwezi kutunga sheria ndogo inayopingana na sheria ya nchi. Ni mita kumi." Baba alitabasamu. "Usicheke, mzee. Hata hizo kumi wewe ulizilima, mpaka ukingoni kabisa. Ng'oa nyanya zilizo ndani ya hizo kumi, upande majani. Na huyo jirani yako, aliyepigwa kwa kosa la binti yako, utamfulia mpaka apone."

Tabasamu likayeyuka.

Tangu siku hiyo baba alifua, na Kiherehere akitoka shule alikamua na kuanika. Siku ya tatu alipiga magoti mbele ya dobi, aliyekuwa amefungwa plasta hadi begani.

"Nisamehe, baba mdogo. Mkono wako nimeuvunja mimi."

Dobi alimshika bega kwa mkono wake mzima. "Inuka, mwanangu. Sheria mbili zikigombana, hakimu yupo, na mdomo wa kuuliza tunao. Ukijiamulia kwa siri, rungu humwangukia asiyehusika. Lakini ungenyamaza siku ile, leo ningekuwa kaburini. Ukweli umeusema, ila umechelewa kwa mkono mmoja. Siku nyingine uuwahi." Akageukia kamba ya kuanikia. "Na hilo shuka lirudishe likafuliwe tena. Baba yako bado hajajua kazi."