Wifi Wawili na Tanuri Jipya

Tanuri lilifika Alhamisi asubuhi, juu ya lori, limefungwa kamba kama ng'ombe mkaidi. Watoto pacha ndio waliokuwa wa kwanza kuliona.

"Mama! Limekuja! Kubwa kama nyumba!"

Mama Pacha alitoka mbio, mikono imejaa unga hadi kwenye viwiko. Barabara nzima ilikuwa imesimama. Wanaume sita walikuwa wanasukuma. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa anatoa amri zisizosikilizwa na mtu yeyote.

"Kulia! Kulia kwangu, si kwako!"

"Sogea wewe kwanza, utakanyagwa!" fundi wa tanuri alimjibu, na watu wakaangua kicheko.

Kwa miaka sita familia hii ilioka mikate katika duka lao, kwa tanuri dogo la trei mbili. Hili jipya lilikuwa la trei kumi na mbili! Tena lilifika wiki ya shughuli. Jumamosi hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi, na wao ndio walioombwa kuwaokea wageni skonzi mia nne.

"Mia nne!" Baba Pacha alirudia mara ya kumi tangu asubuhi. "Mke wangu, unaisikia hiyo namba?"

"Naisikia, nayo inanisikia!" Mama Pacha alicheka, akageuka ili amkumbatie mtu.

Mtu wa karibu alikuwa Wifi Mkubwa, dada yake Baba Pacha. Duka hili alilianzisha yeye na kaka yake, kabla Mama Pacha hajaolewa. Wifi Mkubwa alikuwa anafuta meza. Alipomwona Mama Pacha anamwelekea, alimpa mgongo, akaendelea kufuta meza iliyokwisha kung'aa.

Mikono ya Mama Pacha ikashuka. Ilikuwa siku ya tano hawasemezani.

Chanzo kilikuwa mdogo wake Mama Pacha, kijana wa miaka ishirini na mbili. Kazi yake ni kusuka nywele, na kila mtu humwita Msusi. Wiki mbili nyuma alibisha mlango akiwa na begi moja na sanduku la vitana. Baba yao alikuwa amemfukuza nyumbani. Msusi hakumficha dada yake sababu. Yeye hupenda wanaume, kama wanaume wengine wapendavyo wanawake, na baba yao alikuwa amejua.

Mama Pacha hakujua la kusema. Lakini yeye ndiye aliyembeba kijana huyu mgongoni tangu akiwa mchanga. Alimtandikia godoro stoo, katikati ya magunia ya unga. Kwa Wifi Mkubwa alisema tu kwamba mdogo wake amekuja kutembea.

Habari haikukaa stoo. Jumapili Wifi Mkubwa alirudi kutoka kwenye ibada, uso umemvimba.

"Nimeambiwa na watu wa nje mambo ya ndani ya nyumba yangu," alisema. "Mbele ya kikundi chote cha sala! Wifi, dini yangu inasema hiyo ni dhambi. Siwezi kujifanya sioni."

"Dini yako! Sala zako ndefu, moyo wako mfupi!" Mama Pacha alijibu.

Neno lilipomtoka, alitamani kulirudisha. Lakini lilikwishafika.

Wifi Mkubwa alichukua aproni yake msumarini, akaikunja polepole. "Jumamosi jioni akiwa bado yuko hapa, mimi natoka. Mtakanda wenyewe."

Tangu hapo ukawa ukimya. Baba Pacha alisimama katikati kama posta. "Mwambie mkeo anipe ungo," dada yake humwambia. "Mwambie dada yako ungo uko mbele yake," mkewe humjibu. Na wote watatu wako kwenye meza moja!

Ijumaa mchana walianza kukanda kundi la kwanza, skonzi mia za kulijaribu tanuri. Kulikuwa na utaratibu wa siku zote katika duka hili. Anayetia hamira kwenye unga husema kwa sauti, "Hamira nimetia!" Anayetia chumvi husema vilevile. Hivyo hakuna anayerudia, na hakuna anayesahau. Lakini mtu atamwambia nani, ikiwa hasemi na mtu?

Wifi Mkubwa alitia chumvi kimya. Mama Pacha alikuwa ameinama anatoa trei. Alipoinuka, naye akatia chumvi kimya. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyetia hamira. Wakakanda mpaka jasho likawatoka, wakafunika beseni kwa kitambaa, wakangoja unga uumuke.

Baada ya saa nzima Mama Pacha alifunua. Unga ulikuwa umelala vilevile, bapa.

"Labda joto litauamsha," Baba Pacha alisema, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema.

Joto halikuamsha kitu. Trei ya kwanza ilitoka na vitu vigumu, vidogo, vyeupe. Pacha walichukua kimoja, wakakipiga teke mpaka mlangoni.

"Goli!"

Kilisimama mbele ya miguu ya jirani yao, Mama Mkunga. Huyu alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, pamoja na pacha wenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa anaenda kuongoza wodi mpya, na yeye ndiye aliyeagiza skonzi. Aliokota kimoja kwenye trei, akakiuma.

"Wanangu," alisema, akishika shavu, "jino hili nimelitunza miaka hamsini na sita. Nani alitia hamira?"

Mama Pacha alimtazama Wifi Mkubwa. Wifi Mkubwa alimtazama Mama Pacha.

"Nani alitia chumvi?"

"Mimi," walisema wote wawili kwa pamoja.

Ikambidi Baba Pacha aeleze ugomvi wote. Mama Mkunga alisikiliza, kisha akavuta kiti.

"Unga upo? Hamira ipo? Basi muda bado upo. Nipeni dakika kumi. Kaeni."

Walikaa. Wifi Mkubwa ndiye aliyeanza. "Mama, wewe ni mtu wa ibada kama mimi. Mwambie huyu dini inasemaje."

"Na yeye mwambie kwamba ndugu hatupwi kama maganda!" alisema Mama Pacha.

Mama Mkunga aliinua ile skonzi ngumu, wakanyamaza.

"Mimi si kiongozi wa dini. Mimi nazalisha. Lakini wodini nimekutana na imani za kila aina. Mfano mmoja ni kutoa mimba. Wapo wanaoamini mimba ni uhai tangu siku ya kwanza, haiguswi kabisa. Wapo watu wa dini hiyohiyo wanaosema, mama akiwa hatarini, aokolewe yeye. Wapo wanaosema uamuzi ni wa mwanamke na dhamiri yake. Na kuhusu wanaume wanaopenda wanaume, viongozi wengi wa dini wanasema ni dhambi. Wengine, ambao ni wachache, wanasema ndivyo Mungu alivyowaumba. Hao wote wanasoma na wanasali, na bado hawajakubaliana. Ninyi mtamaliza leo, kabla ya skonzi?"

Baba Pacha alikohoa kuzuia kicheko.

"Basi tufanyeje, Mama?" aliuliza Mama Pacha.

"Kwanza, kila mmoja aseme ya mwenzake. Si ya kwake. Aseme mpaka mwenyewe akubali kwamba amesemwa sawasawa. Anza wewe, mwenye ulimi mwepesi."

Mama Pacha alijaribu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukanda. "Wifi anasema ni dhambi..."

"Hiyo ni nusu," Wifi Mkubwa alimkata.

Mama Pacha alimtazama usoni, mara ya kwanza tangu Jumapili. Aliona macho mekundu, ya mtu asiyelala. "Wifi anaogopa," alisema taratibu. "Anaogopa akinyamaza, Mungu atamuuliza kwa nini alinyamaza. Na ameumia, kwa sababu nilimficha jambo kwenye nyumba yake mwenyewe. Akaja kuambiwa mbele za watu."

Wifi Mkubwa alifuta pua kwa kiganja. "Hapo umenisema sawasawa," alinong'ona. Kisha naye akajaribu. "Yeye anasema kijana huyu amemlea kwa mikono yake. Baba yao amefunga mlango. Na sisi tukifunga, hana kwingine." Akaongeza, "Na anadhani mimi sina huruma."

"Nilisema vibaya, wifi. Nisamehe."

"Ngoja kwanza," Wifi Mkubwa alisema. Alimgeukia Mama Mkunga. "Mama, nimemwelewa. Lakini imani yangu iko palepale. Nikimwacha akae, si nitakuwa nimekubali?"

"Yule binti wa muuza mkaa, mwaka jana. Alikunywa dawa za kienyeji kutoa mimba. Nani alimkuta nyuma ya bafu?"

"Mimi."

"Ulimuuliza nini?"

"Ningemuuliza nini, Mama? Damu ilikuwa inamtoka! Nilimfunga shuka, nikambeba, nikakimbia naye mpaka kwako!"

"Ukanifokea mbele ya daktari kwamba navuta miguu," Mama Mkunga alisema, akitabasamu. "Ulifanya vizuri sana. Anayetoka damu apelekwe hospitali upesi, haijalishi tunaamini nini. Dakika kumi zaidi, tungemkosa. Sasa niambie. Siku hiyo imani yako juu ya mimba ilibadilika?"

"Hata kidogo. Mpaka leo nasema alikosea."

"Na uji ulimpelekea siku ngapi?"

Wifi Mkubwa aliinamisha kichwa. "Wiki mbili."

"Na sisi tukala mikate iliyoungua wiki mbili," Baba Pacha aliongeza.

"Hukubariki alichofanya, na hukumwacha afe," Mama Mkunga alisema. "Yote mawili ulifanya wewe, tena kwa ajili ya Mungu yuleyule."

"Lakini yule alikuwa mgonjwa. Huyu ni mzima."

"Nimewapokea vijana waliofukuzwa kwao, mwanangu. Walikuwa wazima siku ile walipofukuzwa. Wengine waliletwa kwetu wamepigwa barabarani. Wengine walikuwa wamechoka kuishi. Mimi sikuambii uamini nini. Nakuambia ninachokiona kikiletwa kwenye machela."

Tanuri lilikuwa linanguruma peke yake, halina cha kuoka. Wifi Mkubwa alisimama, akaelekea stoo. Mama Pacha alimfuata.

Msusi alikuwa amekaa juu ya gunia. Godoro lilikuwa limekwisha kukunjwa. Begi lilikuwa limefungwa. Alikuwa amesikia kila neno, maana ukuta wa stoo ni mbao tu.

"Unakwenda wapi?" Wifi Mkubwa aliuliza.

"Sijui, Dada. Ila sitaki mvunje duka kwa ajili yangu."

"Nami nina jambo la kukuambia wewe mwenyewe, si nyuma yako. Unayoishi, mimi siyakubali. Sitakudanganya."

"Najua, Dada. Mimi sikuja kuomba baraka. Nilikuja kuomba pa kulala."

Wifi Mkubwa alitazama begi, akatazama na yale magunia yenye alama ya kichwa cha mtu. Kisha akainama, akafungua zipu ya begi mwenyewe.

"Kaa," alisema. "Nitakuombea, utake usitake."

"Omba, Dada. Ila usiniombee kwa sauti nikiwa nimelala. Ile ya jana niliisikia yote!"

Wifi Mkubwa alijizuia, akashindwa. Kicheko kikamtoka hadi akashika gunia. Mama Pacha alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na pacha wakaja mbio kuuliza kuna nini.

"Kuna skonzi mia nne!" alipaza sauti Baba Pacha. "Na saa zinakwenda! Nani ananawa mikono?"

Walinawa wote. Ilikuwa kazi, tena kazi ya furaha! Sauti ziligongana juu ya meza, kila kilichotiwa kikatajwa, na kila aliyetajiwa akaitikia. Unga uliumuka mpaka ukainua kitambaa. Vidole vya Msusi, vilivyozoea nywele, vilikata na kuviringa skonzi moja kabla Baba Pacha hajachukua unga wa ya kwake.

"Huyu ni mashine!" Baba Pacha alilalamika. "Ananiaibisha dukani kwangu!"

"Dukani kwetu," wifi wote wawili walimsahihisha.

Si kwamba mambo yote yaliisha. Wakati trei ya mwisho inatoka, wale wanawake walikuwa wanabishana tena juu ya dini. Ila sasa walibishana wakiwa wameshika trei moja, huyu upande huu, yule upande ule, na kila mmoja alimngoja mwenzake amalize sentensi.

Jumamosi saa nne, wodi mpya ilinukia rangi na mkate. Wageni walipiga makofi. Skonzi zilipanda juu ya meza kama kilima, laini, za rangi ya dhahabu. Mama Mkunga alikula tatu. Msusi alikuwa anapita na trei, na wazee wakamsifu kwa adabu yake.

Mwanamke mmoja wa kikundi cha sala alisogea karibu na Wifi Mkubwa. Alisema kwa sauti ya chini, lakini si chini sana.

"Dada, nasikia yule kijana bado anakaa kwenu. Ni kweli?"

Mama Pacha alikuwa hatua mbili tu kutoka hapo, ameshika birika. Aliacha kumimina, akatega sikio.

Wifi Mkubwa alinyoosha mgongo.

"Ni kweli," alisema, na sauti yake ikafika mpaka dirishani. "Anakaa kwetu. Wewe ulitaka akae wapi?"

Wifi Mkubwa alimwekea yule mwanamke skonzi mkononi, laini, kubwa kuliko zote. Kisha akamwita Msusi alete trei nyingine, upesi, wageni wanangoja.