Shingo ya Wachuka na Picha ya Arusi

"Makokha, wewe shika kichwa. Mimi nashika mabega. Tukivuta mara moja tu, tuk! Imerudi."

"Ephantus, hiyo ni shingo ya mtoto wangu, si bawaba ya mlango!" nikamwambia.

"Mama, mimi ni seremala wa reli. Kitu kikipinda nakinyosha. Jumamosi tunaingia kanisani, halafu tunaenda kwa Mhindi wa picha pale Nakuru. Unataka watu wetu waone bibi arusi anaangalia ukuta?"

Wachuka wangu alikuwa kwenye kigoda, uso umeelekea kushoto. Aliteleza na mzigo wa kuni hapa shambani kwenye pareto, kamba ya ngozi aliyoipitisha kwenye paji la uso ikamvuta kichwa, na tangu siku hiyo shingo ikakataa kurudi. Nyuma yake alisimama jirani yetu Chepkemboi, mkunga, viganja vyake vimelala kwenye mabega ya msichana.

"Na huyu anafanya nini?" Ephantus akauliza. "Havuti, hakandi. Ni kama anabariki ng'ombe."

"Umewahi kuchuna mbuzi, kijana?" Chepkemboi akamwuliza.

"Wengi."

"Uliona ule utando mweupe unaofunga nyama? Hata sisi tunao. Wa Wachuka ulishtuka ukajikaza. Ukivuta, utakaza zaidi. Ukiweka mkono wa joto ukangoja, unalegea wenyewe. Juzi hakuweza kuona kikombe hiki hapa mbele yake. Leo anakiona."

"Kikombe! Mimi naoa mwanamke wa kuona kikombe?"

Makokha, rafiki yake anayevuta magoti ya wachezaji wa mpira huko reli, akacheka. Akaona amecheka peke yake, akaacha.

"Ephantus, kuja," Wachuka akasema. "Weka mkono hapa. Usivute. Ngoja mpaka usikie nyama inalegea. Ukiweza hivyo, Jumamosi tutaenda kwa Mhindi hata kama niko hivi."

Akaweka. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyake tu, nikaviona vinaanza kuwa vyeupe.

"Unafinya, Ephantus."

"Nimengoja ya kutosha!"

Akamshika kidevu, akavuta. Mtoto wangu alipiga kelele ambayo sijaisahau mpaka leo. Makokha akaruka akamkamata mwenzake mikono.

"Wacha! Wacha, bwana!"

"Kwani wewe umekuja kunisaidia ama kunipinga?"

"Nimekuja kusaidia shingo."

Chepkemboi alirudisha viganja polepole, akasema nyama imekuwa mti.

"Wachuka, unasikia vidole vyako?"

"Nasikia."

"Pumua. Usipigane na mimi."

Ephantus alikuwa mlangoni, upande wa kulia, kofia mkononi.

"Nauliza mara moja. Jumamosi iko ama haiko? Na uniangalie nikiongea na wewe!"

Shingo ilikataa. Basi Wachuka akashika ukuta, akasimama, akageuka mwili mzima kama mtu aliyebeba mtungi, mpaka akamtazama usoni.

"Haya, nimekuangalia. Haiko. Njoo na ndugu zako mchukue mbuzi wenu wa mahari."

Aliondoka bila kuaga. Makokha alibaki anakuna kichwa.

"Mama, naweza kurudi Jumapili kuuliza shingo inaendeleaje?"

"Uliza kutoka mlangoni," nikamjibu.

Alirudi Jumapili hiyo, na nyingine, na nyingine tena. Baadaye Chepkemboi akaanza kumfundisha.

"Mkono mzito huo! Unadhani ni goti la mchezaji?"

"Nimeweka tu, mama."

"Umeweka na haraka yako. Itoe kwanza."

Wachuka alicheka, na alipocheka nikaona bega limeshuka lenyewe. Shingo ilirudi kidogo kidogo, ikabaki imelala upande kidogo. Makokha alipoleta posa, ndugu zangu walinung'unika, eti Mluhya, eti kwao ni mbali. Nikawaambia wachague: umbali, ama kelele ile niliyoisikia mimi.

Ewe mama mwenye binti, usiangalie mbuzi wamenona namna gani. Mwambie kijana aweke mkono mahali panapouma, angoje, na wewe angalia vidole vyake.

Picha ninayo ukutani. Mhindi alisema, "Bibi arusi, nyosha kichwa." Makokha akamwambia, "Wacha hivyo hivyo, bwana," kisha akalaza na chake, upande ule ule.